Adhana Ndani ya Simu ya Baba

Siku ya maziko ya baba, simu yake ilichukuliwa mchana kweupe, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemzuia aliyeichukua. Alikuwa mtani wake. Sisi ni Wanyamwezi, yeye ni Mzaramo, na utani kati yetu na wao ni wa tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo mabegani na kupita kwao. Huyu alikuja Tabora akiwa kijana, kufanya kazi ya reli, akakutana na baba karakanani. Kwa muda wote niliomfahamu hakuwahi kumwita baba kwa jina lake. Alimwita "yule mshamba". Baba naye alimwita "yule mvivu wa pwani". Sisi watoto tulimwita Baba Mtani, na mpaka leo hatuna jina jingine la kumwita.

Msibani alifanya yote ambayo mtani hufanya. Alivaa koti la baba na kofia yake, akaiga mwendo wake wa kuburuta mguu wa kushoto, akaiga hata namna alivyokuwa akisafisha koo kabla ya kumgombeza mtu. Watu walicheka huku wanajifuta machozi. Kisha akaingia chumbani kwa marehemu, akatoka na simu yake, kitochi cheusi cha vitufe, akatangaza kwamba kuanzia saa ile ni mali yake, na anayekitaka aje na jogoo siku ya arobaini akikomboe. Ndiyo desturi. Kitu alichochukua mtani hakidaiwi kwa hasira, na yeye hakirudishi kabla ya kukombolewa. Akikirudisha bure, wanasema ameurudisha msiba ndani ya nyumba. Mama alimtazama, akasema, "Mwacheni." Hakuna aliyewaza juu ya kilichokuwa ndani ya simu ile isipokuwa mdogo wangu, na yeye hakuwepo.

Mdogo wangu alikuwa Urambo, kitandani. Mume wake anafanya kazi kwenye kituo cha kununulia tumbaku, na daktari wa huko alikuwa amemkataza mke kunyanyuka hata kwenda kuteka maji, sembuse kupanda gari kuja kuzika. Alikuwa na mimba ambayo sote tuliiogopa kuitaja. Zilizotangulia hazikufika. Hii ilipopita miezi ambayo zile zilikuwa zikikomea, baba alimpigia simu akamwambia asiwe na wasiwasi, mtoto huyu, yeye mwenyewe ndiye atakayemwadhinia.

Wapo wanaomwadhinia mtoto akishatoka tu tumboni. Kwetu ilikuwa kazi ya baba, na aliifanya siku mtoto anapoletwa nyumbani kutoka hospitali. Alikuwa akitawadha, anampakata mtoto, anaelekea kibla, anaishusha adhana ndani ya sikio la kulia kwa sauti ya chini kabisa, mpaka wewe uliyesimama kando husikii zaidi ya mnong'ono. Wanangu wote wamepita mikononi mwake. Mdogo wangu alikuwa akisimama pembeni kila mara, akiangalia, na mimi dada yake nilijua anachokiwaza.

Ugonjwa wa kifua ulipomzidi baba, alimpigia tena mdogo wangu. Akamwambia, "Nimeiweka ndani ya simu. Nisipokuwepo, mwekee sikioni." Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Baada ya siku chache alifariki.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, hapa Tabora, hospitali aliyoletwa mama yake kujifungulia, arobaini ya babu yake ikiwa bado haijafika. Mdogo wangu alikuja naye nyumbani kwa mama, kama desturi inavyotaka kwa uzazi wa kwanza. Akakataa mtoto kuadhiniwa na mtu yeyote kwanza. Mume wake, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akibishana, alikubali kusubiri. Mama alikwenda kumuuliza sheikh wa mtaani, akarudi na jibu kwamba adhana ya mashine si adhana, huadhini mtu mwenye pumzi.

"Najua, mama," mdogo wangu akasema. "Baba yake atamwadhinia. Mimi nataka aisikie ya babu yake kwanza. Aliniahidi."

Mama akafikiri, akasema tutangoja mpaka asubuhi ya siku ya saba, siku ya kumpa jina. Zaidi ya hapo tutakuwa tunamdhulumu mtoto.

Nina stesheneri ndogo karibu na soko. Nachapa barua, natoa kopi, nasafisha picha za pasipoti, na kila siku watu wananiletea simu zao niwatolee vitu. Kwa hiyo kazi hii ilikuwa yangu, na niliiona nyepesi. Siku ya sita, baada ya adhuhuri, nilibeba kompyuta yangu ya mapajani nikaja nayo kwa mama, nikamwambia mdogo wangu amwogeshe mtoto amweke tayari, kwani kabla hajamaliza kumfunga nguo kila kitu kitakuwa tayari. Mimi nina mdomo mwepesi namna hiyo.

Kilichokuwa kigumu ni simu yenyewe. Spika yake ilikufa siku nyingi, baba alipoiangusha kwenye ndoo, kwa hiyo rekodi haikuweza kusikika kutoka ndani yake. Haikuwa na kadi ya kuchomoa. Kebo yake ilijua kuchaji tu. Ukiichomeka kwenye kompyuta, kompyuta inakaa kimya. Nilikuwa nimekwisha kujaribu kulipokea faili kwa simu yangu pale msikitini siku ya Ijumaa, nikiwa nimemvizia Baba Mtani mlangoni, na simu yangu ikalikataa, haikulijua ni faili la namna gani. Ilibaki njia moja, bluetooth, kutoka kitochi kwenda kompyuta, na kitochi chenyewe kikiwa mikononi mwa Mzaramo.

Alifika amevaa kanzu safi, miwani mfukoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mko wapi washamba wangu? Nimeambiwa mnataka kuniibia."

"Hatuibi. Naomba simu kidogo tu, nibonyeze, nikurudishie."

"Wee! Jogoo yuko wapi?" Akaketi kwenye mkeka, akaitoa simu, akaishika kwa mikono miwili. "Haitoki mkononi mwangu hii. Wewe elekeza, mimi nitabonyeza. Vilivyomo ndani ni vyenu, toeni. Simu yangu."

Nilimwangalia mama nikitarajia atasema neno. Mama alikuwa anachambua mchele.

Basi nikaanza kumwelekeza. Yeyote aliyewahi kumwelekeza mzee vitufe vya simu anaijua adhabu hiyo. Ingia kwenye menyu. Si hapo, rudi. Shuka chini. Chini tena. Umepita. Aliisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akavaa miwani, akaivua kuifuta kwa upindo wa kanzu. Kila nilipojaribu kunyoosha kidole nimwonyeshe, aliivuta simu kifuani. Mwishowe bluetooth ikawaka, nikamwambia aifanye ionekane na vifaa vingine, akaifanya, na kwenye kompyuta yangu jina likatokea peke yake katikati ya kioo: BABU.

Mwanangu mkubwa ndiye aliyewahi kumwandikia baba jina hilo, akichezea simu wakati wa likizo. Kompyuta ikaniuliza kama naikubali BABU. Mkono wangu ulisimama. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike niliona aibu kuwa na haraka, lakini haikudumu. Nikakubali. Namba zikatokea huku na kule, nikamsomea zangu, akazisoma zake, zikafanana.

"Haya, nenda kwenye rekodi, itume."

Akaituma. Simu ikafikiri, ikaandika kwamba imeshindikana. Tukarudia, ikashindikana. Nikamwambia asogee, akasogea mpaka goti lake likagusa langu. Ikashindikana. Nikaanza kutoa jasho. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo ningemwambia mteja yeyote mapema bila kufikiri: kompyuta haipokei faili la bluetooth kama hujaiambia kwanza ikae ingoje. Unaifungulia mlango, halafu ndiyo mwenzako anatuma. Nikaifungulia. Faili likaanza kuja, kamstari ka kijani kakajaa nusu, simu ikazimika. Betri. Tukatafuta chaja ya pini nyembamba nyumba nzima, tukaipata kwa jirani.

Mara iliyofuata faili lilifika.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Mama akaweka ungo pembeni. Nikabonyeza, na sauti ya baba ikatoka kwenye spika za kompyuta, ndogo, ya ndani, sauti ile ile ya kumwambia mtoto mchanga. Alikuwa ameuweka mdomo karibu mno na simu, kila herufi ilisikika na pumzi yake. Allahu akbar, Allahu akbar. Mama akaanza kuitikia taratibu, kama alivyokuwa akimwitikia baba miaka yote. Baba akashuhudia, akashuhudia tena. Akaita kwenye swala. Hayya alas-salah. Akaita mara ya pili, polepole zaidi. Kisha kimya.

Nikaizima. "Imekatika njiani," nikasema. "Faili halijafika lote."

"Labda mshamba mwenyewe kakatika," akasema Baba Mtani.

Sikucheka. Nilimwambia kwamba ameichezesha simu wakati faili linapita, na sikumwambia kwa adabu. Alituma tena, safari hii ameiweka simu juu ya msahafu wa mama uliofunikwa kitambaa, mkono juu yake, hapumui. Faili likafika. Sauti ikakatika pale pale.

Nikalifuta. Nikaufuta na ule uhusiano wenyewe kati ya simu na kompyuta, tukaanza upya kama watu wasiojuana: washa, ionekane, ikubali BABU, soma namba. Ikakatika pale pale. Nikazima simu zote za nyumba ile nikidhani zinaingiliana. Nikaizima kompyuta nikaiwasha. Nikahamia barazani, nikahamia uani, Baba Mtani akinifuata na mkeka wake bila kulalamika, mtu aliyepita umri wa kuhamishwahamishwa. Kila mahali baba aliita kwenye swala mara ya pili, akanyamaza, nami nikabonyeza kuzima kwa hasira.

Mwisho nikatazama ukubwa wa faili. Nikamwomba Baba Mtani anisomee ule ulioandikwa kwenye simu, akausoma, nikaulinganisha na wa kwenye kompyuta. Ulikuwa sawasawa. Hakuna hata punje iliyobaki kwenye simu. Katika kazi yangu hiyo ndiyo hukumu: bluetooth haikukosea, kompyuta haikukosea. Nikasema basi simu ndiyo iliyoharibu rekodi, iliingia maji, na simu hizi za bei rahisi ndivyo zilivyo. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu, na kitochi hakijui kujitetea.

Mdogo wangu alikuwa amesikiliza yote hayo akiwa ameegemea nguzo ya uani, mtoto amelala begani. Hakuwa analia. Alisema tu, "Dada, basi. Mwache baba. Yatosha." Akageuka kuingia ndani. Namna alivyoufunika mgongo wa mtoto kwa kiganja iliniuma kuliko kama angenitukana. Aliwahi kurudi kutoka hospitali mikono mitupu zaidi ya mara moja, na kila mara alisema hivyo hivyo, yatosha. Sasa amepata, na mimi, mtaalamu wa mtaa mzima, nimeshindwa kumtolea kitu kimoja alichoomba.

"Kwa nini unaizima kila mara?" mama akaniuliza.

"Imekwisha, mama. Hakuna kitu tena."

"Nani kakwambia hakuna? Umesikiliza?"

"Kimya tu, mama."

"Kiache hicho kimya kipite. Baba yenu alikuwa hapendi kukatizwa."

Nikaiweka tena, kwa kumtii tu. Mdogo wangu akasimama pale alipofika. Baba akaadhini mpaka kwenye swala, mara ya pili, akanyamaza, na mkono wangu ukaenda kwenye kitufe wenyewe, Baba Mtani akaushika.

Hakikuwa kimya. Tulipoinamisha vichwa tulisikia pumzi. Ilikuwa inaingia kwa kuvutwa na kutoka kwa vipande, ile pumzi tuliyoizoea wiki zake za mwisho mpaka tukaacha kuisikia. Kuku akalia mahali. Akakohoa, akaigeuza simu pembeni asimkoholee mtoto, nadhani, kwa sababu kikohozi kilisikika mbali. Halafu ikasikika sauti ya mama mwenyewe, kutoka chumba kingine: "Dawa umekunywa?" Baba akajibu, "Bado." Akarudi karibu na simu. Alijaribu kuanza, hayya, na neno halikutoka lote. Akapumzika. Kisha akasema, si kwa Kiarabu, na si kwa mjukuu:

"Nimeishiwa pumzi, mwanangu. Nitamalizia kesho."

Kikasikika kitufe, na rekodi ikaisha kweli.

Mama alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba anaikumbuka siku hiyo, alimpelekea dawa akamkuta ameishika simu, akadhani alikuwa anaongea na mtu. Kesho yake baba hakuweza hata kuketi kitandani.

Baba Mtani alikuwa bado ameushika mkono wangu. Akauachia, akavua miwani. Alisafisha koo.

"Mnyamwezi," akasema. "Toka babu na babu wanajisifu kwetu kwamba hawajui kutua mzigo njiani. Leo nimeshuhudia mmoja ametua."

Ulikuwa utani, na wakati mwingine wowote tungemrudishia. Lakini sauti yake haikukaa sawa, na alipomaliza hakuinua uso kutazama kama tumecheka.

Mdogo wangu akaja mpaka kwenye mkeka. Akapiga magoti mbele yake na mtoto.

"Basi uubebe wewe, baba," akasema. "Uufikishe."

Yule mzee akamtazama mtoto, akamtazama mama. Mama akaitikia kwa kichwa. Akaiweka simu juu ya mkeka, akaenda uani kwenye ndoo, tukasikia maji, akitawadha kwa uangalifu mkubwa, kiungo baada ya kiungo. Akarudi uso umelowa. Akaketi kuelekea kibla, akampokea mtoto kama mtu aliyepewa kitu cha moto, mpaka mdogo wangu akamsaidia kuuweka mkono chini ya shingo.

Niliisogeza kompyuta karibu na sikio la kulia la mtoto nikapunguza sauti. Baba akamwadhinia mjukuu wake. Mtoto alikunja uso, akaukunjua. Ilipofika kwenye swala mara ya pili, na pumzi zile zikaanza, sikuizima. Tuliziacha zote zipite, na kikohozi, na kuku, na dawa, na bado, mpaka "nitamalizia kesho".

Ndipo Baba Mtani akainamisha mdomo kwenye sikio lile. Nilitazamia aige sauti ya baba. Anaiweza, kila mtu Tabora anajua anaiweza. Hakuiiga. Aliadhini kwa sauti yake, ya kizee, ya kwao pwani. Hayya alal-falah. Hayya alal-falah. Mama akaitikia. Allahu akbar, Allahu akbar. La ilaha illallah.

Mama akainua mikono akasoma dua ile inayosomwa adhana ikimalizika. Mchana kutwa nilikuwa nimeipiga rekodi ile, ndani, barazani, uani, na mama ameiitikia kila mara, na hakuwahi kuisoma dua. Nilidhani amesahau. Aliisoma yote sasa, akajipangusa uso.

Na mdogo wangu, ambaye baba yake alizikwa yeye akiwa amelala chali Urambo, alikiweka kichwa kwenye goti la yule mzee akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, na hakuna aliyemwambia anyamaze.